Kompyuta ya nyumbani imekunyima haki za msimamizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kompyuta ni yangu na risiti ninayo. Inawezaje kuniambia sina ruhusa?

Kompyuta haimjui mwenye risiti, inaijua akaunti. Windows, macOS na Linux zote zina madaraja mawili makubwa ya watumiaji. Msimamizi anaweza kusakinisha programu, kubadili mipangilio ya mfumo mzima na kugusa akaunti za wenzake. Mtumiaji wa kawaida uhuru wake unaishia kwenye folda zake. Ukiwa umeingia kwa akaunti ya kawaida utakwama tu, hata kama mashine umeinunua mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza inafunguliwaje, uliza nani kafunga na kafungia wapi. Huenda nenosiri limesahaulika. Huenda akaunti imeshushwa daraja bila mtu kujua. Huenda kuna sera zinazozuia mambo fulani, au mashine bado iko chini ya kampuni au shule iliyokuwa nayo zamani, au kufuli liko chini kabisa, kabla hata mfumo haujawaka. Kila tatizo lina dawa yake, na baadhi ya dawa hizo hufuta kila kitu. Wengi wanaopoteza picha na hesabu zao si kwamba walishindwa kufungua. Walitumia dawa ya ugonjwa mwingine.

Nitajuaje niko daraja gani?

Kwenye Windows, fungua Mipangilio, nenda sehemu ya Akaunti, utazame maandishi yaliyo chini ya jina lako. Kwenye Mac, nenda Mipangilio ya Mfumo, kisha Watumiaji na Vikundi. Kwenye Linux, andika `groups` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri): ukiona `sudo` (familia ya Debian na Ubuntu) au `wheel` (Fedora na jamaa zake), wewe ni msimamizi.

Watumiaji wa Windows waongeze hatua moja. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), hata lile la kawaida lisilo na haki zozote, uandike `net localgroup Administrators`. Utapata orodha ya wasimamizi wote wa mashine hiyo. Ukiona jina la ndugu yako au la fundi aliyekuwekea Windows, umeshajua nani ana ufunguo na unaweza kumpigia simu. Ukiona jina moja tu, "Administrator", basi mashine haina msimamizi anayefanya kazi. Hiyo ni akaunti iliyozaliwa na mfumo, na tangu Windows Vista ya mwaka 2007 huja ikiwa imezimwa.

Kidirisha cha kuomba idhini kinatokea, lakini kitufe cha "Yes" kimefifia na hakuna pa kuandika nenosiri. Hii ni nini?

Ndiyo hali niliyoitaja sasa hivi, na huwatokea watu wengi zaidi ya unavyodhani. Kwa kawaida mtumiaji wa kawaida akitaka kusakinisha kitu, kidirisha humwonyesha majina ya wasimamizi na kisanduku cha kuandika nenosiri la mmoja wao. Kwako majina hayapo na kisanduku hakipo. "No" inabonyezeka, "Yes" imekuwa ya kijivu. Windows haina msimamizi wa kumwomba idhini. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyeingia kwenye Mipangilio akajigeuza mtumiaji wa kawaida "kwa usalama" kabla ya kuunda msimamizi mwingine, au aliyefuta akaunti ya zamani akidhani haina kazi.

Microsoft waliliona hilo mapema. Kwenye kompyuta isiyo chini ya kampuni, msimamizi wa mwisho akishushwa daraja, akizimwa au akifutwa, hali salama (Safe Mode, Windows inapowaka na vitu vya lazima tu) huruhusu ile akaunti ya "Administrator" iingie, hata kama imezimwa. Kama kuna msimamizi mwingine hai, mlango huo haufunguki, na ndivyo inavyotakiwa.

Fanya hivi. Kwenye skrini ya kuingia, bonyeza alama ya kuzima, shikilia kitufe cha Shift, uchague kuwasha upya. Itakuja skrini ya bluu ya matengenezo: ingia "Troubleshoot", "Advanced options", kisha "Startup Settings", uwashe upya, na orodha ikitokea bonyeza 4. Diski ikiwa imesimbwa (data yake imefungwa isisomeke bila ufunguo), huenda ukaombwa ufunguo wa kurejesha, na jambo hilo nimelieleza hapo chini. Mashine ikiwaka katika hali salama, "Administrator" itakuwa kwenye skrini ya kuingia, na kama hakuna aliyewahi kuiwekea nenosiri, itaingia bila nenosiri. Fungua dirisha la amri na uandike:

`net localgroup Administrators jina /add`

Mahali pa "jina" weka jina la akaunti yako kama lilivyoandikwa ukitumia `net user`. Mara nyingi jina hilo halifanani na lile kubwa linaloonekana kwenye skrini: anayeonekana kwa majina mawili kamili anaweza kuwa na herufi tano tu ndani ya mfumo. Jina likiwa na nafasi katikati, lizungushie alama za kunukuu. Washa upya kawaida, na kazi imeisha.

Nimesahau nenosiri la Windows. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua akaunti yako ni ya aina gani. Kama skrini ya kuingia inaonyesha barua pepe, ni akaunti ya Microsoft, na hapo una bahati. Nenosiri lake halikai kwenye kompyuta peke yake. Unalibadilisha mtandaoni kupitia simu au kompyuta yoyote, unathibitisha kwa namba ya simu au barua pepe uliyosajili, kisha unarudi kwenye mashine yako. Hakikisha mashine imeunganishwa na intaneti kwenye skrini ya kuingia, la sivyo itaendelea kulijua lile la zamani na utadhani mabadiliko hayakukubali. Kama namba na barua pepe zote zimepotea, kuna fomu ya kuomba akaunti irudishwe, lakini ukibadilisha taarifa zote za usalama kwa mkupuo utasubiri siku 30 kabla hazijakubaliwa. Siku hizo hazipunguzwi kwa kubembeleza.

Usichanganye PIN na nenosiri. PIN ni ya kifaa hicho kimoja, haitoki nje yake. Ukisahau PIN lakini nenosiri la akaunti unalikumbuka, bonyeza kiungo cha kusahau PIN na utatengeneza nyingine kwa dakika chache.

Akaunti ya ndani, ile isiyo na barua pepe, ni habari nyingine. Kuanzia Windows 10 toleo la 1803 la mwaka 2018, anayetengeneza akaunti hiyo huulizwa maswali matatu ya usalama. Kosea nenosiri mara moja na kiungo cha kulibadilisha kitatokea. Kama uliwahi kutengeneza flashi ya kubadilishia nenosiri, hata miaka iliyopita, bado inafanya kazi, maana haijali umebadilisha nenosiri mara ngapi tangu hapo. Bila maswali, bila flashi na bila msimamizi mwingine, Microsoft wenyewe hawana njia ya kukuingiza. Wanakuelekeza kufuta na kuanza upya.

Na usibahatishe ovyo. Windows 11 kuanzia toleo la 22H2 huja na mpangilio wa kuifunga akaunti kwa dakika 10 baada ya majaribio 10 yaliyokosewa.

Kuna akaunti ya pili ya msimamizi nyumbani. Akinibadilishia nenosiri langu, napoteza kitu?

Faili zako za kawaida, hapana. Picha, nyaraka na muziki hubaki pale pale. Tatizo liko kwa vitu ambavyo Windows huvifunga kwa kutumia nenosiri lako mwenyewe. Nenosiri la akaunti ya ndani likibadilishwa kwa nguvu na mtu mwingine, manenosiri uliyohifadhi kwenye kivinjari yanaweza kugoma kufunguka, na faili ulizozisimba kwa EFS (mfumo wa Windows wa kusimba faili moja moja) zinapotea kama huna cheti chake. Wewe ukikumbuka nenosiri la zamani baadaye, ukalirudisha, vitu hivyo hufunguka tena. Kwa sababu hiyo, ipe kumbukumbu yako siku moja kabla ya kumwomba mwenzako aandike `net user jina nenosirijipya`.

Nimeona video ya mbinu ya kubadilisha faili fulani ya Windows ili kupata dirisha la amri kwenye skrini ya kuingia. Inafaa?

Mbinu hiyo ni ya zamani na ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Leo ina vikwazo viwili. Diski ikiwa imesimbwa, huwezi kuigusa faili yoyote kutoka nje bila ufunguo. Na kinga ya Windows yenyewe sasa huitambua hila hiyo na kuizuia. Wengine hukatizwa katikati na kubaki na mfumo wenye faili iliyobadilishwa, akaunti bado imefungwa.

Programu za "kufungua Windows kwa mbofyo mmoja" zinanikera zaidi. Nyingi zinauzwa kwa kurasa zinazofanana kama pacha, zinadai malipo baada ya kukuonyesha kwamba "akaunti imepatikana", na unatakiwa uzipe mamlaka yote juu ya mashine huku huwezi kuzikagua. Ni kuvunja mlango huku ufunguo uko mfukoni: wengi wanaozinunua walikuwa na akaunti ya Microsoft iliyohitaji tu kubadilishiwa nenosiri mtandaoni.

Skrini ya bluu inadai ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48. Sijawahi kuwasha kitu hicho!

Inawezekana kabisa hukuwasha. BitLocker ni mfumo wa Windows wa kusimba diski. Kompyuta nyingi za sasa husimba diski zenyewe mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuziandaa, na kuanzia Windows 11 toleo la 24H2 jambo hilo limekuwa la kawaida kwenye usakinishaji mpya. Mtu hajui kama diski yake imesimbwa hadi siku anapojaribu kuitengeneza.

Ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa mashine. Ingia kwa simu kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey. Skrini ya bluu inakuonyesha kitambulisho cha ufunguo, na ukurasa huo una safu ya vitambulisho. Linganisha herufi nane za mwanzo kabla hujaanza kuandika tarakimu 48, kwa sababu akaunti yenye kompyuta kadhaa ina funguo kadhaa. Kumbuka pia kwamba akaunti iliyotumika siku ya kwanza huenda si yako. Kama fundi au ndugu ndiye aliyeiandaa mashine, ufunguo uko kwake, pengine bila yeye kujua.

Ufunguo usipopatikana popote, data iliyomo haisomeki tena. Fundi anayekuahidi kuitoa anakudanganya. Kinachowezekana ni kufuta diski na kusakinisha upya.

Nikitumia "Reset this PC" na kuchagua kubaki na faili, nitapata haki za msimamizi?

Hapana, na watu wengi hukosea hapa. Chaguo la kubaki na faili huondoa programu na kurudisha mipangilio, lakini akaunti zinabaki kama zilivyo, pamoja na manenosiri yake. Utatoka upande wa pili ukiwa umepoteza programu zako zote na kufuli liko pale pale. Kinachokupa mwanzo mpya ni kufuta kila kitu.

Kabla ya kufuta, okoa faili. Kama diski haijasimbwa, chukua flashi, iwekee Linux ya kuwakia moja kwa moja kama Ubuntu, washa mashine kupitia flashi hiyo na unakili folda ya Users kwenye diski ya nje. Hutaulizwa nenosiri la Windows, kwa kuwa Windows yenyewe haijawaka. Kisha kwenye kompyuta nyingine tengeneza flashi ya kusakinishia Windows kwa zana ya Microsoft wenyewe. Flashi iwe na angalau GB 8.

Leseni isikupe wasiwasi: leseni ya kidijitali ya Windows 10 na 11 imefungamana na maunzi ya mashine, hivyo ukisakinisha toleo lile lile itajitambua yenyewe ikipata intaneti. Ila kama unasakinisha upya leo, fahamu kwamba Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Weka 11 kama maunzi yanaruhusu.

Ukirudisha faili za zamani, ukaambiwa huna ruhusa juu ya folda yako mwenyewe, usishtuke. Akaunti mpya, hata ikiwa na jina lile lile, ina namba tofauti ya utambulisho ndani ya mfumo. Kama wewe ni msimamizi, bonyeza "Continue" Windows ikiuliza. Ikigoma, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi na uandike `takeown /f "njia ya folda" /r`, kisha `icacls "njia ya folda" /grant jina:F /t`. Tumia amri hizo kwenye folda zako tu. Ukizielekeza kwenye diski C nzima utavuruga mfumo.

Orodha inaonyesha mimi ni msimamizi, lakini bado naambiwa "Access is denied". Kwa nini?

Kwa sababu hata msimamizi, katika Windows, hufanya kazi zake za kila siku akiwa na haki za kawaida. Haki kamili hupewa programu moja moja, pale unapokubali kwenye kidirisha cha idhini. Ukifungua dirisha la amri kwa kubofya tu, halina haki hizo. Libofye kwa kitufe cha kulia na uchague kuliendesha kama msimamizi. Matatizo mengi ya "nimepoteza usimamizi" huishia hapa.

Zipo pia faili za mfumo ambazo msimamizi si mmiliki wake. Tangu Vista, mmiliki wake ni huduma ya Windows inayoitwa TrustedInstaller. Kama unataka kufuta faili ya aina hiyo, jiulize kwanza nani kakushauri.

Naona ujumbe kwamba msimamizi amezima Kidhibiti Kazi (Task Manager) na uhariri wa Rejista. Msimamizi gani, na mimi ndiye mwenye nyumba?

"Msimamizi" wa kwenye ujumbe huo anaweza kuwa mtu, programu ya ulinzi wa watoto, programu ya "kuharakisha kompyuta", au kirusi. Vyote vinaandika mahali pamoja, kwenye Rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) chini ya `HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System`, thamani kama `DisableTaskMgr` na `DisableRegistryTools` zikiwa 1.

Anza na kirusi. Kinga ya Windows ina ukaguzi unaofanyika kabla mfumo haujawaka kikamilifu, ambapo kirusi hakijapata nafasi ya kujificha. Uendeshe huo kwanza. Ukizifuta sera kabla ya kumtoa aliyeziweka, atazirudisha.

Baada ya hapo, mwenye Windows ya Pro anaweza kufungua `gpedit.msc`, zana ya kuhariri sera, na kurudisha sera kwenye hali ya kutowekwa. Toleo la Home halina zana hiyo. Hapo utahitaji PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) yenye haki za msimamizi:

`Remove-ItemProperty "HKCU:\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System" -Name DisableRegistryTools`

Rudia kwa `DisableTaskMgr`. Angalizo moja linalowachanganya wengi: HKCU, kifupi cha HKEY_CURRENT_USER, ni ya akaunti inayoendesha amri. Ukiwa kwenye akaunti ya kawaida, ukaandika nenosiri la msimamizi mwingine kwenye kidirisha, utasafisha Rejista ya huyo msimamizi, na yako itabaki na kufuli. Ipandishe daraja kwa muda akaunti yenye tatizo, ingia nayo, safisha, kisha ishushe.

Nimenunua kompyuta iliyotumika. Inasema inasimamiwa na shirika nisilolijua.

Fungua Mipangilio, Akaunti, na utafute sehemu ya kazi au shule. Au andika `dsregcmd /status` kwenye dirisha la amri. Mstari wa `AzureAdJoined` au `DomainJoined` ukisema YES, mashine hii bado inamtii bwana wake wa zamani.

Wakati mwingine ni mabaki tu, na kusakinisha upya kunamaliza. Lakini shirika likiwa limeisajili mashine kwenye Autopilot, huduma ya Microsoft ya kuandaa kompyuta za mashirika, kitambulisho cha maunzi kiko kwenye seva. Ukifuta diski, ukasakinisha upya, mara mashine inapogusa intaneti wakati wa kuandaliwa inaleta tena skrini yenye jina la shirika lile lile. Mac zina mpango kama huo, na kwenye terminali `profiles status -type enrollment` itakueleza. Chromebook iliyosajiliwa na shule nayo hurudi shuleni kila ikisafishwa.

Dawa ni moja: shirika liitoe mashine kwenye orodha yake. Mpigie muuzaji, mwambie akupatie uthibitisho kwamba mashine iliuzwa kihalali na aombe iondolewe. Muuzaji halali hulifanya bila tabu, kwa sababu ni kazi ya dakika chache kwa idara ya teknolojia. Akianza kukukwepa, dai fedha zako, maana huenda mashine iliibwa. Kutafuta njia ya kukwepa usajili huo si ushauri nitakaoutoa hapa, na ni hivyo hivyo kwa kompyuta uliyopewa na mwajiri wako ukae nayo nyumbani.

Kompyuta mpya inakubali programu za Duka la Microsoft tu. Nimefungiwa na nani?

Hakuna aliyekufungia, iko katika S mode. Nenda Mipangilio, Mfumo, Uamilishaji, na utapata njia ya kutoka. Ni bure, ila ukitoka hurudi.

Na kwenye Mac?

Kosea nenosiri mara tatu hivi na Mac nyingi zitakupa njia ya kulibadilisha kwa akaunti ya Apple, au kwa ufunguo wa FileVault (mfumo wa Mac wa kusimba diski) wenye herufi na tarakimu 24 kama uliuhifadhi. Isipokupa, ingia kwenye hali ya urejeshaji: Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kutoka Novemba 2020, unashikilia kitufe cha kuwasha mpaka zikuonyeshe machaguo, zile za Intel unashikilia Command na R wakati zinawaka. Humo fungua terminali na uandike `resetpassword`, neno moja bila nafasi.

Ukibadilisha nenosiri kwa njia hiyo, mkoba wa manenosiri (Keychain) wa zamani haufunguki kwa nenosiri jipya. Mac itakutengenezea mkoba mpya, na ule wa zamani utabaki umefungwa hadi ulikumbuke nenosiri lake. Mac iliyofungwa kwa Activation Lock, kufuli linaloifunga mashine kwa akaunti ya Apple, hufunguliwa na mwenye akaunti ya Apple iliyoifunga, au na Apple wenyewe ukiwa na uthibitisho wa ununuzi.

Linux inaniambia simo kwenye faili ya sudoers na kwamba tukio hili litaripotiwa. Litaripotiwa kwa nani?

Kwenye kompyuta ya nyumbani, kwako mwenyewe. Linaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo, basi. Sudoers ni faili inayosema nani anaruhusiwa kutumia sudo, amri ya kufanya kazi kwa haki za msimamizi.

Kisa cha kawaida ni hiki. Mtu anataka kujiongeza kwenye kundi jipya, tuseme la kutumia Docker, anaandika `sudo usermod -G docker jina`. Amri inapita kimya. Akiwasha upya, sudo imekufa. Kilichokosekana ni herufi moja: bila `-a`, usermod haiongezi kundi, inafuta makundi yako yote ya ziada na kukuachia lile ulilotaja. Ilitakiwa iwe `usermod -aG`.

Kwenye Ubuntu, washa upya ukishikilia Shift, au ukigusa Esc kwenye mashine za UEFI (programu ya kuwashia ya kompyuta za sasa), mpaka itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Chagua hali ya urejeshaji, kisha mstari wa root (msimamizi mkuu wa Linux). Andika `mount -o remount,rw /`, halafu `usermod -aG sudo jina`, na kama nenosiri nalo limepotea, `passwd jina`. Debian iliyosakinishwa bila nenosiri la root itakukatalia hapo. Kwake, bonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `init=/bin/bash`, uwashe kwa Ctrl na X, kisha amri ni zile zile.

Kama ulichoharibu ni faili ya sudoers yenyewe, jaribu `pkexec visudo` kabla ya kuzima mashine. Na siku nyingine usiihariri kwa kihariri cha kawaida: visudo hukagua kosa kabla ya kuhifadhi. Diski iliyosimbwa kwa LUKS (mfumo wa Linux wa kusimba diski) ambayo nenosiri lake limepotea haina mlango wa nyuma.

Mtu alinipigia akidai ni fundi, nikamruhusu aingie kwa mbali. Sasa kompyuta inadai nenosiri nisilolijua.

Usimlipe. Chomoa intaneti kwanza, kisha kwa kutumia simu badilisha manenosiri ya barua pepe na benki. Zamani matapeli hawa walikuwa wakitumia zana ya Windows iitwayo syskey kuweka nenosiri linalotokea kabla ya kuingia. Utapeli huo ulipozidi, Microsoft waliiondoa kwenye Windows 10 toleo la 1709 mwaka 2017. Siku hizi hubadilisha nenosiri la akaunti yako au kuunda msimamizi wao. Mashine aliyoishika mtu wa namna hiyo mimi nisingeitengeneza. Ningeokoa faili kwa flashi ya Linux, nifute diski, nianze upya.

Wazazi wameniwekea akaunti ya mtoto. Naitoaje?

Zungumza nao. Wao ndio wasimamizi, na kufuli linafanya kazi ilivyokusudiwa.

Nenosiri linaulizwa hata kabla ya nembo ya Windows. Nitoe betri ndogo ya kwenye ubao mama?

Kwenye kompyuta kuukuu za mezani njia hiyo ilisaidia. Laptopu za miaka ya karibuni huhifadhi nenosiri la BIOS (programu inayoamsha mashine kabla ya Windows) kwenye chipu isiyotegemea betri, na kuitoa betri hakubadilishi kitu zaidi ya saa kurudi nyuma. Kusakinisha Windows upya nako hakusaidii, maana nenosiri hilo haliko kwenye diski. Wasiliana na mtengenezaji ukiwa na namba ya mashine na risiti. Baadhi watakufungulia, baadhi watakuambia ubao mama ubadilishwe.

Nimefanikiwa kurudi. Niache mambo yakoje?

Tengeneza akaunti ya pili ya msimamizi leo hii, kabla hujafunga kompyuta, na uipe nenosiri ambalo utaliandika kwenye karatasi. Usisahau kuijaribu: toka, ingia nayo mara moja, uone kama inafanya kazi. Akaunti yako ya kila siku unaweza kuishusha iwe ya kawaida baada ya hapo, si kabla. Chapa ufunguo wa BitLocker au wa FileVault na uuweke na karatasi hiyo hiyo, nje ya kompyuta. Hakikisha namba ya simu iliyo kwenye akaunti ya Microsoft au Apple ni ile unayoitumia sasa. Laini iliyokufa ndiyo inayokwamisha watu kuliko nenosiri lenyewe. Na kama nyumbani kuna mtu mwingine mzima, muonyeshe karatasi ilipo.